Mayai ya Samaki: Zawadi ya Japani na Ndoo ya Sokoni



Huu ni mwaka wa tisa tangu nihamie Eldoret kumfuata mume wangu, na hata leo mtu wa mtaani akitaka kunieleza kwa mwenzake husema, "yule mama wa samaki." Si kwamba nauza samaki. Ni kwamba nilizaliwa Kibokoni, Mombasa, na katika mji huu wa mahindi na maziwa, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mtu wa Pwani huhesabiwa kuwa mjuzi wa kila kiumbe chenye mapezi. Kwa hiyo sikushangaa jirani yangu alipobisha hodi alasiri moja, binti yake nyuma yake, amebeba mfuko wa kuhifadhia baridi kana kwamba amebeba mtoto mchanga.

Binti huyo ni mkimbiaji. Yuko Japani katika timu ya kampuni moja, na alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo fupi. Msomaji aliyeko Mombasa au Malindi huenda akajiuliza, Eldoret na Japani wapi na wapi? Jibu ni mbio. Douglas Wakiihuri alikwenda Japani kufanya mazoezi akingali kijana, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Rome mwaka 1987, na mwaka uliofuata akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Seoul. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alipelekwa shule ya sekondari mjini Sendai angali mvulana, na mwaka 2008 kule Beijing akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki. Nyuma ya majina hayo makubwa wamo vijana wengi ambao hawatajwi magazetini, wanaokimbilia shule na kampuni za kule, wanaojifunza lugha, na wanaorudi na ladha ambazo mama zao hawazijui. Hapa mshindi hulakiwa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye jivu la mti. Huyu wetu alikuja na kilicho chake.

"Nyinyi ni watu wa samaki," jirani akaniambia, akikaa. "Mimi hiki sikijui. Nikasema nianze kwako."

Binti akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya kioo iliyojaa shanga nyekundu zenye kung'aa, kila moja kubwa kama punje ya mtama ulioloweshwa, na kando yake kipande kigumu cha rangi ya kaharabu kilichofungwa kwa karatasi. Vyote viwili, akasema, ni mayai ya samaki, na huko Japani mayai hupewa heshima kuliko samaki aliyeyabeba.

Nilimwomba anisomee maandishi ya kwenye chupa. Akaanza: mayai ya samoni, sosi ya soya, kisha akanyamaza. Amekulia ukuta mmoja nasi, anatujua. Neno lililofuata lilikuwa sake, nayo ni pombe ya mchele. Na baada yake mirini, pombe tamu ya kupikia. Mama yake hakuelewa kimya kile. "Soma basi," akamhimiza.

Dada zangu, mnaijua saa kama ile. Nikiipokea chupa kwa tabasamu kisha niitupe jioni, nimefanya unafiki na israfu kwa pamoja. Nikiirudisha, nimemkataa mzazi aliyetaka niwe wa kwanza kuonja tunda la jasho la mwanawe. Nikaona afadhali maneno ya wazi. Nikamwambia jirani kwamba mayai yenyewe hayana neno, lakini yameloweshwa katika kileo, nasi hatuli kilichotiwa kileo. "Kwani mayai ya samaki yana pombe?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua. Akairudisha chupa mfukoni polepole. Niliona ameumia, na hakuna maelezo ya fiqhi yanayomfariji mtu aliyerudishiwa zawadi.

Aliyetuokoa ni binti. Alichukua kile kipande cha kaharabu, akakigeuza, akasoma maneno mawili tu: mayai ya samaki, chumvi. Basi. Nikamuuliza ni samaki gani. Hakulijua jina lake kwa Kiswahili, lakini akanionyesha picha kwenye simu: mwili mrefu wa fedha, kichwa bapa, mdomo mdogo.

"Huyu ni mkizi!" nikapiga kelele, hata mume wangu akatoka chumbani.

Nani katika wasomaji wangu asiyemjua mkizi? Ndiye yule arukaye kwa ghadhabu akaangukia ndani ya dau, wazee wakasema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, akimpasua mkizi mwenye mayai alikuwa akiita wajukuu wote jikoni. Vile vifuko viwili vya manjano alivitia chumvi, ndimu na bizari, akavikaanga kwa mafuta kidogo, akatugawia kila mmoja kipande kisichozidi ncha ya kidole. Sikuwa nimefikiri, hata siku moja, kwamba kile kitonge cha ubavuni mwa sufuria ya bibi kina jina na hadhi upande wa pili wa dunia.

Jina lake huko ni karasumi. Vifuko vya mayai ya mkizi hutolewa vikiwa vizima bila kutobolewa, hutiwa chumvi kwa siku kadhaa, chumvi ikapunguzwa kwa kuloweka, kisha hubanwa na kuanikwa mpaka vigeuke vigumu vya kukatika kwa kisu. Mji wa Nagasaki umesifika kwa kazi hiyo, na Wajapani huihesabu karasumi miongoni mwa tunu tatu za vyakula vyao. Hapa pana tahadhari: wapo watengenezaji wanaopunguza chumvi ile kwa sake badala ya maji. Kipande chetu hakikutajwa kileo popote, lakini mwingine wenu akiletewa, na asomewe kwanza.

Wala karasumi si ya Wajapani peke yao. Wamisri wameila kwa karne nyingi, wakaiita batarikh, na Wataliano wanaoiuza ghali kwa jina la bottarga walilipata neno hilo kutoka kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wayunani. Kwa hiyo Muislamu wa Aleksandria ameijua tunu hii tangu zamani, nasi wa Pwani tuna mkizi yule yule katika mikoko yetu, tuna chumvi, tuna jua. Kwa nini hatukuianika? Labda kwa sababu bibi zetu hawakubakisha hata kipande cha kuanikwa.

Tulikata vipande vyembamba kama karatasi, tukaviweka juu ya mkate uliopashwa moto. Ladha yake ni ya bahari iliyokolezwa, chumvi mbele na utamu wa mafuta nyuma. Kipande kimoja chatosha, cha pili ni uroho. Jirani alikula, akakunja uso, akaomba kingine. Tukamwekea chai. Alasiri ile ndefu binti akatufundisha aina nyingine, nami nikaandika nyuma ya daftari la mwanangu la hesabu.

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni majina. Yote hutamkika kinywani mwa Mswahili kana kwamba yalizaliwa Kilindini: ikura, tobiko, masago, tarako, kazunoko. Ikura ndizo zile shanga nyekundu za samoni, na neno lenyewe si la Kijapani kwa asili. Limetoka kwa Warusi, ambao huita mayai yote ya samaki ikra. Yakitolewa yangali ndani ya kifuko chake huitwa sujiko. Ikura ikipasuka mdomoni hutoa maji mazito ya chumvi na mafuta, ndiyo sababu watoto wa huko huipenda. Aghalabu hukolezwa kwa sosi ya soya na pombe ya mchele, kama tulivyoona, lakini ipo pia iliyotiwa chumvi peke yake. Kwa hiyo anayesema "ikura ni haramu" amekosea, na anayesema "ni halali maana ni samaki" naye amekosea. Jibu limo kwenye karatasi ya chupa.

Tobiko ni mayai ya wale samaki warukao juu ya maji ambao mabaharia wetu huwaona wakitawanyika mbele ya omo ya jahazi. Ni madogo, magumu kidogo, hulia chini ya meno kama ufuta uliokaangwa. Kwa maumbile rangi yake ni ya machungwa hafifu, lakini wauzaji huyatia rangi: mekundu, meusi kwa wino wa ngisi, au ya kijani kwa wasabi, ule mzizi mkali wa kule unaopanda puani. Na hapa binti alisema jambo nililolitafuta baadaye nikalikuta kweli. Mayai mengi ya aina hii hutoka Indonesia, kwa wavuvi wa Sulawesi, Wamakassar na Wamandar, nao ni Waislamu. Wavuvi hao huelea baharini na mitego iliyofungwa makuti ya mnazi. Samaki huja kutaga kwenye makuti wakidhani ni mwani, na mayai huvunwa yakiwa yameng'ang'ania majani. Makuti, dada zangu! Yale yale tunayoezekea banda. Sushi ya Tokyo huenda imepambwa kwa kazi ya mikono ya ndugu zetu walioshika udhu wa alfajiri juu ya maji.

Masago ni mayai ya kapelini, samaki mdogo wa bahari za baridi. Ni madogo kuliko tobiko na ya bei nafuu, kwa hiyo baadhi ya mikahawa huyatia rangi na kuyapitisha kama tobiko. Sitayakalia sana.

Tarako ni mayai ya poloki wa Alaska, hutiwa chumvi yakiwa ndani ya kifuko chake, huliwa mabichi au yakichomwa kidogo juu ya wali. Yakikolezwa pilipili huwa mentaiko. Haya asili yake ni Korea. Mtu mmoja aliyezaliwa Busan na kurudi Japani baada ya vita aliyaanzisha mjini Fukuoka mwaka 1949 kwa namna inayowafaa Wajapani, na leo ndiyo fahari ya mji huo. Binti alisema hayo ndiyo anayoyapenda kuliko yote kwa sababu yanamkumbusha pilipili ya nyumbani. Lakini mentaiko nayo, katika mtindo wake wa kawaida, hulazwa katika mchanganyiko wenye sake.

Na ule mkate wa wali wenye mayai juu yake ambao vijana wetu huuona kwenye simu? Mayai madogo huporomoka, hayakai juu ya tonge. Inasimuliwa kwamba mwaka 1941, katika mkahawa uitwao Kyubey kule Ginza, Tokyo, mpishi alilizungushia tonge la wali ukuta wa mwani mkavu uliopanda juu kidogo, akayamwaga mayai ndani. Wajapani wakauita mtindo huo gunkan, maana yake manowari, kwa kuwa umbo lake ni la meli ya vita. Mama jirani alicheka sana kuisikia manowari inayoliwa, na nilifarijika kumsikia akicheka.

Sasa kwa upande wa dini, kwa kuwa najua barua zitakuja. Hapa mimi si mufti. Nasema yale yanayojulikana, na mwenye shaka awaulize masheikh wake. Aya ya 96 ya Suratul Maida inatuhalalishia kivuliwa cha bahari, na sisi Mashafii tumeachiwa uwanja mpana. Mahanafi hukomea kwa samaki. Ndugu zetu wa madhehebu ya Jaafari hushurutisha magamba, na kwao yai humfuata samaki wake: samaki akiwa halali, yai lake halali. Suala hili liliwahi kuwa kubwa kwa taifa zima. Kaviari, mayai meusi yaliyo ghali kuliko yote duniani, hutoka kwa samaki aitwaye sturijoni, na Irani imeivuna katika Bahari ya Kaspi tangu zamani. Kwa muda mrefu samaki huyo alihesabiwa hana magamba, basi haliwi. Wataalamu walipomchunguza wakaonyesha kwamba anayo ya namna yake, na mwaka 1983 Ayatollah Khomeini akatoa fatwa ya kumhalalisha. Kipimo hicho hicho kinafika mpaka soko la Eldoret: mumi, ambaye Kiswahili humwita kambare, hana magamba, kwa hiyo msomaji wangu wa Kijaafari atamwacha yeye na mayai yake, ilhali jirani yake Mshafii atamla.

Baada ya samaki, tazameni kinywaji kilichomlowesha, kisha rangi iliyompamba. Rangi nyekundu yenye namba E120 hutokana na wadudu. Sosi ya soya iliyochachushwa kwa njia ya asili hubakia na kiasi kidogo cha kileo kilichojizalisha chenyewe, na wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana juu yake; nyumbani kwangu nanunua ile yenye alama ya halali, nalala usingizi wangu.

Kuna na yai lisiloulizwa madhehebu, nalo ni la bunju. Watoto wa Pwani hufundishwa mapema kwamba samaki huyo anayejifura kama puto hatupwi hata kwa paka, maana sumu yake huua, na mayai yake yamo katika sehemu zenye sumu kali zaidi. Wajapani nao wanalijua hilo vyema, lakini katika jimbo la Ishikawa wapo mafundi wachache wanaoyalaza mayai ya bunju katika chumvi zaidi ya mwaka, kisha katika pumba za mchele kwa miaka miwili mingine, mpaka sumu ipungue hata yalike. Nimeliandika hili kwa mshangao tu. Mtu asilijaribu.

Siku mbili baadaye nilikwenda sokoni. Sikuwa na raha na ile chupa iliyorudi, na nilitaka kumwalika jirani kwa kitu ambacho sote tungekila bila kusoma karatasi. Samaki wa Eldoret hawatoki baharini. Hupanda kutoka Ziwa Viktoria kwa njia ya Kisumu, tilapia na mbuta na omena, na wakavu huteremka kutoka Ziwa Turkana kupitia Lodwar na Kitale. Mama ninayenunua kwake alikuwa akimpasua mbuta mkubwa. Kisu kilipofika tumboni akatoa vifuko viwili vya mayai, vinene kama mikono ya mtoto, rangi ya siagi, akavitupa katika ndoo ya matumbo bila kuvitazama.

"Mama, hivyo unavipeleka wapi?"

"Hizo? Za mbwa, mama. Ukitaka chukua."

Nilichukua. Kwa wanaotaka kujaribu, nilifanya hivi. Niliviosha polepole bila kuipasua ngozi yake, nikavinyunyizia chumvi nikaviacha saa moja. Nikachemsha maji yenye chumvi, manjano, thomu iliyopondwa na kipande cha tangawizi, nikavitia kwa moto mdogo mpaka vikawa vigumu mpaka katikati. Wa Pwani wataona dakika kumi na tano hivi zinatosha kwa kifuko kinene. Huku mlimani maji huchemka kabla hayajafikia moto wa kwenu, takriban nyuzi 93, basi niliongeza muda. Vikipoa hukatwa vipande vya unene wa kidole, hukaangwa upande huu na huu, kisha humwagiwa tui zito lililochemshwa na kitunguu na pilipili mbuzi, na ndimu mwisho. Mayai ya tilapia ni kidogo na makubwa ya punje. Hayo huyachambua nikayachanganya na yai la kuku, kitunguu na kotmiri, nikakaanga kama kababu.

Nasisitiza moto. Ladha ya Japani isimdanganye mtu akayala mayai ya samaki wa ziwa mabichi. Samaki wa maji baridi hubeba vijidudu, na hata wale wa baharini wanaoliwa wabichi hugandishwa kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, ili minyoo ife. Mjamzito na mtoto mdogo wasiguse mabichi kabisa, ya bahari wala ya ziwa, ya bei nafuu wala ya ghali.

Jirani na binti walikuja Ijumaa baada ya mume wangu kurudi msikitini. Tulikula kwa wali. Binti alisema tui limemshinda mentaiko, nami sikubishana naye. Mama yake alikula kimya, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ile chupa alimpelekea dada yake Kapsabet, wakaila yote na viazi, na kwamba hakuwa amekasirika, alikuwa ameona haya kwa kutonijua vizuri. Nikamwambia nami sikuwa nimemjua vizuri. Hatukulizungumza tena.

Linalonisumbua sasa ni jingine, na ndilo lililonifanya niandike wiki hii. Mbuta yule alikuwa mkubwa mno. Nchi zinazozunguka ziwa ziliwahi kuafikiana kwamba mbuta wa kuvuliwa awe baina ya sentimita 50 na 85: chini ya hapo bado mtoto, juu ya hapo ni mzazi. Wale wakubwa aghalabu ndio majike wenye mayai kwa mamilioni. Omena nao hupumzishwa kila mwaka baina ya Aprili na Julai wapate kuzaana. Na tilapia ana hali ya kutia huruma zaidi: hatagi akaondoka, bali huyakusanya mayai yake kinywani, akakaa nayo humo na vifaranga baadaye, bila kula kwa raha mpaka waweze kuogelea wenyewe. Akinaswa huyatema. Kila kifuko kinachofika kwenye sufuria yangu ni hesabu ambayo ziwa halitailipwa.

Wajapani walikwisha kuionja hesabu hiyo. Kazunoko, mayai ya heringi, ndiyo chakula cha mwaka mpya kwao; jina lake husikika kama "wingi wa watoto", na wazazi huyaweka mezani kwa kuiombea aila uzao. Wakati mmoja heringi walijaa pwani ya Hokkaido hata wakafanywa mbolea ya mashamba. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 walikuwa wametoweka, na dua ile ya watoto wengi ikawa inanunuliwa kutoka ng'ambo kwa bei iliyoyapatia mayai hayo jina la almasi ya manjano. Sturijoni naye, anayechukua miaka mingi kabla ya kutaga mara ya kwanza, ilibidi mwaka 1998 biashara yake yote iwekwe chini ya mkataba wa kimataifa. Wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, kinyume chake, hutumbukiza matawi na mwani majini, heringi wakataga juu yake, watu wakavuna mayai na samaki akaenda zake hai. Ni kama wale Wamandar na makuti yao.

Je, niache kuyala? Nimelifikiri. Samaki akiwa amekwisha kufika mezani kwa muuzaji, kumtupia mbwa mayai yake hakumrudishi ziwani, na kuyatupa ni israfu. Lakini nikianza kuyatafuta na kuyalipia, nimempa mvuvi sababu ya kumfuata jike. Kwa hiyo nimejiwekea mpaka: nachukua yale yaliyomo ndani ya samaki niliyemnunua mimi kwa ajili ya nyama yake, na simnunui mbuta aliyepita urefu wa ubao wa muuzaji wangu, ambao niliupima kwa utepe wa fundi cherehani nikaukuta sentimita 80. Mume wangu ananicheka. Anasema samaki hajui nimempima.

Jumamosi iliyopita nilifika sokoni nikakuta kando ya ile ndoo ya matumbo kuna bakuli la plastiki, safi, limefunikwa, na ndani yake vifuko sita vimepangwa. "Nimekuwekea," mama akasema. "Mia moja." Wiki iliyotangulia yalikuwa ya mbwa. Nikamuuliza samaki wake walikuwa wa urefu gani. Akanyoosha mkono wake, akauangalia kuanzia bega hadi ncha za vidole, akaurudisha kidogo, akautazama uso wangu aone jibu lipi nalitaka.